Sahani ya Papa Mado

Jumapili, 4 Juni
Mihogo imekwisha. Mume wangu, Papa Mado, amevuka mto kwenda Lubunga kutafuta mingine, atarudi kesho. Chai yake ilikuwa imepoa, akaondoka amenuna. Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Kisha nimemkuta Yaya, dada mkubwa wa Papa Mado, akiwashia makaa kurasa za riwaya yangu. Limebaki jalada. "Ni kartasi tu, alors," akasema. Nimekasirika hata kula sikuweza.

Jumanne, 6 Juni
Makombora tangu jana. Majeshi mawili ya wageni yanagombania mji usio wa yeyote kati yao. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, ndivyo ninavyowafundisha watoto darasani. Upuuzi. Nyasi hazioni njaa.

Tumelala sakafuni kwenye korido: Yaya, binti yangu Mado, mimi. Mitumbwi haivuki. Mado analia njaa, basi nimemsimulia ile riwaya. Nilichokumbuka ni mlo tu. Mama anapika supu ya vitunguu, anatia ganda la mkate, anafuta kijiko kwa kitenge chake, anamwekea sahani mwanawe aliyekwenda vitani. Sijui kama kitenge kilikuwamo.

"Alirudia?" Mado akauliza.

Sikumbuki kama alirudi. Nimeisoma mara mbili. Vitunguu nakumbuka, mtu sikumbuki.

Jumatano, 7 Juni
Yaya ametwanga lituma ya ndizi tupu, kombora likilia anaacha, likinyamaza anaendelea. Ametenga tonge la Papa Mado, akalifunika. Jana pia. Ndivyo walivyolelewa kwao.

"Chakula ya mwenye iko mu njia, inabakia," anasema.

Mtoto analamba mchi, tonge linachacha chini ya mfuniko. Namchukia. Naandika tena: namchukia.

Ijumaa, 9 Juni
Ukuta wa jirani umeanguka. Mado ameuliza tena habari za yule mwana. Nimemfokea: kitabu kimechomwa, muulize shangazi yako.

Kisha nimefunua sahani. Nusu nimempa Mado, nusu nimekula mwenyewe, nimesimama mbele ya Yaya. Nilitaka aseme kitu ili nimjibu. Ameosha sahani kwa maji kidogo tuliyonayo, akaifunika tupu.

Nimelia. Kwa hasira, si kwa huzuni. Yeye ana haki gani zaidi yangu ya kumngoja?

Jumapili, 11 Juni
Kimya tangu asubuhi. Watu wanazika viwanjani mwao. Mitumbwi michache imevuka kutoka Lubunga. Yaya alikwenda kwenye kivuko, akarudi peke yake.

Jirani ametupa mihogo. Leo nimetwanga mimi. Nimetenga tonge, nimelifunika.

"Mama, ule mutoto wa mu kitabu, alirudia?"

Nimemwambia alirudi. Alikuta supu imepoa, akanuna.

"Alinuna sawa na papa," akasema Mado.

Yaya amesogeza sahani karibu na makaa.