Bei ni Moja, Baba

2 Machi

Kaka yangu,

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na nikianza na salamu sitalisema. Salamu utazikuta chini.

Unajua daktari wa Baba haongei lugha yetu, na mkalimani ni mimi, mimi ninayejificha wageni wakija. Alisema mishipa iliyovimba tumboni ndiyo iliyomtapisha Baba damu, na itapasuka tena isipozuiwa. Njia ni mbili. Kwa zote hawapasui tumbo, wanapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa huku wakiufuata kwenye kioo cha mashine. Ya kwanza ni kuuziba mshipa uliovimba. Ya pili ni kuweka kijibomba ndani ya ini ili damu ipungue msukumo. Hii ya pili bei yake ni karibu mara mbili.

Baba akauliza, "Ipi nafuu?" Nikatazama viatu vyake, alivyovigandisha kwa gundi yake ya kutengenezea saa. Nikajua atachagua ya bei ndogo hata kama ingekuwa kuzibwa na kizibo cha chupa. Nikasema, "Bei ni moja, Baba."

Akafurahi. "Basi bomba. Kitu kifanyike mara moja kiishe."

Atafanyiwa Alhamisi, tarehe kumi na tisa. Hela uliyotuma inatosha kuziba tu. Usinichukie.

Hatujambo, ila silali. Wewe hujambo?

Mdogo wako

11 Machi

Kimya, mdogo wangu,

Salamu nimezikuta chini, nimeziokota. Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi ya hiki kiwanda cha barafu.

Umenitwisha gunia bila kuniuliza kama nina mgongo. Haya, nimeomba zamu za Jumapili, hela itapatikana. Kinachonikosesha raha ni kingine. Mke wa mwenzangu kazini ni muuguzi, nimemuuliza. Anasema bomba hilo huwafaa wengi, lakini wapo linaowavuruga akili: wanasahau, mikono inatetemeka. Daktari hakusema? Na kama alisema, Baba anajua? Yule mzee ni fundi saa, Kimya.

Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umeficha yasiyo yako. Mwambie.

Kaka yako

17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mikono ipake mafuta.

Daktari alisema. Nililiruka. Nilidhani kilicho ghali ndicho kizuri, nikaogopa Baba atakikataa.

Jana nilirudi kwake peke yangu, na sare ya shule. Kuziba nako kuna mkia: Baba atakuwa anamezeshwa kamera kila baada ya muda, maana mishipa ya kooni inaweza kuvimba badala yake, na kila safari ni hela na nauli. Bomba nalo hupimwa, na likiziba hufunguliwa kwa hela nyingine. Ile "mara moja kiishe" haipo popote. Kwa Baba, alisema, zote zinawezekana. Achague mwenye tumbo.

Leo asubuhi nikasimama mbele ya meza ya Baba. Alikuwa na lenzi jichoni, hakuinua kichwa.

"Mkalimani."

"Naam, Baba."

"Siku ile daktari alijigonga kichwa kwa kidole, mara mbili. Katika kufasiri kwako, kichwa sikukisikia."

Nikatazama saa iliyofunguliwa mezani.

"Lugha yake siijui. Kichwa nakijua. Nimekaa nangoja useme." Akanipa bisibisi nimshikie. "Mdomo ukigoma, andika. Shule nalipia ya nini?"

Nimeandika. Upande wa pili wa karatasi hii ni wa Baba: bei zote mbili, kamera, kichwa, na uongo wangu. Asome yeye kwanza, ndipo ikufikie wewe. Alhamisi bado haijafika, anaweza kubadili.

Mdogo wako

Nilisahau kukuuliza kama unakula vizuri huko. Nilitaka kumwekea Baba karatasi mezani kwake nikimbilie kulala, lakini kandambili zake hizo, zinakuja ukumbini. Mkono wangu umeshaifunika, kwa mazoea. Kitasa kinageuka. Nauondoa.