Malori Matatu ya Mjomba

Mpwa wangu,

Huku salama. Juzi nilishona suti nzima kwa saa moja, sindano ikatoa moshi, mtaa ukajaa kushangaa.

Ila jana nilikuharibia mambo. Yule mama wa msaada wa dharura chuoni kwenu alinipigia kuuliza kama nyumbani tunaweza kukununulia kompyuta badala ya ile iliyolowa bomba lilipopasuka. Mdomo wangu huu! Nikajibu, "Mama, mtu mwenye malori matatu unamuuliza kompyuta?" Akasema, "Basi hongera, msaada hamuuhitaji," akakata.

Leo nimempigia kumwambia malori hayapo. "Andika, utie sahihi," kasema. "Ikipita Ijumaa, binti anakosa kompyuta ya kufanyia mtihani."

Nimeandika hali yangu yote. Karatasi imo humu, nimeifunga kwa gundi. Kimbia nayo ofisini, mwanangu, ila usiifungue.

Mjomba wako yule yule,
Fundi