Mchungwa wa Kitinda Mimba

Februari 9

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya chumba cha mashine inanitafuna vidole. Na wewe, goti limetulia?

Gunia la mbolea la mwaka huu nimelipakia kwenye lori jana. Ni ileile nyeupe ya naitrojeni. Sitaki shamba la marehemu baba lififie kwa kuwa mimi sipo. Mchungwa wangu umezaa?

Mwanao, Kitinda Mimba

Machi 3

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama kawaida yake, nami nalinyamazia. Gunia limefika.

Mchungwa wako umenawiri, majani yake kijani mpaka wapita njia wanasimama. Machungwa ndiyo hayaonekani. Mwaka jana ulitoa manne, maganda mazito, maji hamna. Michungwa ya kaka zako inazaa mpaka matawi yanagusa chini, na wala haijaonja hata kiganja cha gunia lako. Mbolea yako, mti wako. Jasho lako ningewagawiaje wengine?

Mama yako

Machi 20

Mama,

Shikamoo. Leo nafupisha salamu, nisamehe. Gunia zima kwa mti mmoja? Tangu nilipoondoka, miaka yote tisa? Mama wewe, lile lilikuwa la shamba zima! Nimecheka, kisha chakula kikanishinda. Baba aliupanda siku niliyozaliwa. Tafadhali mwite bwana shamba apime udongo, na mtu yeyote asiukate.

Mwanao

Julai 14

Mwanangu,

Hujambo? Nimechelewa kwa kuwa sikujua nianzie wapi. Sisi wazima, mti ndio mgonjwa.

Bwana shamba amepima. Anasema naitrojeni ya mwaka nenda mwaka rudi imeuchachusha udongo, na mvua ikazoa kalsiamu na magnesiamu mpaka mizizi isikofika. Mti unashughulika na majani, kuzaa umesahau. Chini ya mti wa kaka yako tulifukua minyoo tele. Chini ya wako, hakuna hata mmoja. Ameagiza chokaa ya shamba na samadi iliyooza, halafu subira. Huenda ukapona, huenda usipone.

Nililia, sikufichi. Kila nikiimwaga ile mbolea nilikuwa nakutaja jina, naona kama nakupakulia chakula. Kumbe nilikuwa naulisha mti sumu kwa mapenzi.

Gunia jingine usilete. Tumeshiba magunia, mimi na mti wako. Chokaa inataka mtu wa kuichanganya na udongo kwa jembe, na goti langu unalijua.

Mama yako

Agosti 2

Mama,

Shikamoo. Gunia sikununua. Nimeomba likizo, msimamizi akanuna, akanipa.

Jembe la baba liko darini, litafutie mpini. Chokaa usiiguse, nisubiri. Barua hii ikichelewa njiani, nitakusomea mwenyewe.

Mwanao, Kitinda Mimba