Chapati za Mama na Viti vya Basi

Mama yangu uliyekwama Kigoma,

Ulisema unaenda harusini na kurudi. Bibi harusi sasa ana mimba, mipaka ya Australia bado imefungwa kwa sababu ya korona, na mimi hapa Fairfield najipikia. Usicheke. Wali wangu unalika, hata kama mlaji ni mimi peke yangu.

Nina habari: mwanao aliyekimbia shule ameokoa kiwanda.

Unajua kazi yetu ni kuvalisha viti vya mabasi. Baridi ilipoingia, vitambaa vya ngozi bandia vikawa vinakunjamana kwenye kona, na wateja wakaanza kuturudishia viti. Bosi akatangaza tujilinganishe na kiwanda cha Melbourne kinachofanya vizuri kuliko sisi. Tusipojirekebisha, kitengo chetu kinafungwa. Kusafiri hakuna, tukatembeleana kwa video.

Msimamizi wetu Mkenya, Baba Kelvin, akanipa simu niwaonyeshe kazi. "Kijana, hizo viti mbovu ziweke nyuma huko. Hatuwezi aibika mbele ya watu."

Nikakukumbuka wewe. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, chapati zako zilipokuwa zinakauka, ulizifunga kwenye kitenge ukampelekea Mama Shukuru, fundi wa chapati laini, nami nakufuata nyuma. Ukamwambia, "Shoga, bonyeza mwenyewe. Hii ni chapati au kandambili?" Mlicheka mpaka mkakaa chini. Ndipo akakuambia: kandia maji ya uvuguvugu.

Basi nikaigeuza simu kwenye rundo la viti vibovu. Baba Kelvin akashika kichwa. Mama mmoja wa Melbourne akatazama, akauliza, "Hivyo vitambaa mnavivalisha vikiwa baridi?"

"Baridi kama sisi wenyewe," nikamjibu.

"Sisi tunavipasha kwanza kwenye oveni."

Uvuguvugu tena, mama! Oveni hatuna, kwa hiyo nikaunda ya kwetu kwa kabati la chuma na hita ya bosi. Vitambaa vya kwanza vililegea kama ugali wa mgonjwa. Tukaisogeza hita mbali kidogo, tukajaribu tena, na sasa kona zimenyooka. Kitengo kimebaki. Baba Kelvin anasema lilikuwa wazo letu sote. Namwachia, ni mtu mzima.

Ila jana nilipika chapati kwa maji yako ya uvuguvugu, na zimetoka kandambili halisi. Picha nimekutumia, sijaficha hata moja. Lakini kwenye simu hazibonyezeki, mama. Wakifungua mipaka, njoo ubonyeze mwenyewe.

Mwanao wa pekee,
bingwa wa viti, si wa chapati