Kornelio Mbonde wa Mitwero: Mchezaji, Si Mtumishi

Mwaka umetimia, Baba Severini, tangu asubuhi ile ulipoomba maji, ukanywa nusu, ukaniambia yaliyobaki niumwagie mlimau. Niliumwagia. Mlimau umeshika, wewe umekwenda. Mimi Apolonia, mkeo, ndiye ninayesema maneno haya, na binti yako Valeria ndiye anayeyaandika, maana mkono wangu ni wa jembe. Nimemwambia asinipunguzie hata neno moja.

Wasomaji nao wajue ulikuwa nani. Ulikuwa mtoto wa vilima vya Kipatimu, fundi seremala wa Mitwero hapa Lindi. Milango mingi ya mji huu inafunga vizuri kwa kazi yako. Sanduku la maiti hukumtoza jirani yeyote, na jeneza la msikitini lilipovunjika mguu, jirani yetu Bakary alikuja kukuita ukiwa mezani, ukaondoka ukaacha ugali unapoa. Penseli ilikaa sikioni mwako hata kanisani. Siku ilipoangukia kwenye uji ulinilaumu mimi, sijui kwa nini.

Tena ulikuwa mchezaji wa kriketi. Hilo ndilo hasa lililonifanya nitafute gazeti.

Ni mchezo wa Wazungu na Wahindi. Mmoja anarusha mpira kuangusha vijiti vitatu, mwenzake anavilinda kwa gongo. Wewe ulikuwa umekwenda klabu ya Wazungu kutengeneza uzio, kabla ya vita, Mzungu mmoja akashikwa na homa, wakapungukiwa mtu. Wakakuita kwa mzaha. Ulirusha kama ulivyokuwa ukiwatupia mawe ngedere kwenye mahindi ya baba yako, wakacheka, maana kwao mkono haukunjwi. Ulirudi nyumbani. Ulichukua ubao mwembamba ukaufunga kwenye kiwiko, ukawa unarusha mpira kwenye ukuta wa jiko langu kila jioni. Jirani yetu Bi Kibibi alipouona ule ubao alidhani umevunjika mfupa, akaleta mayai na pole nyingi. Mayai uliyala, na hukumwambia kweli mpaka yalipokwisha.

Uliporudi uwanjani mkono ulikuwa umenyooka, na vijiti vilianguka. Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo katibu wao alipokuja na mshahara. Uwe unalipwa kila mwezi, uwarushie mpira jioni wakijifunza. Niliposikia nilimshukuru Mungu, kwa sababu makuti ya paa letu yalikuwa yameoza na mwanetu Severini alikuwa analala na sufuria pembeni ya kichwa kukinga matone. Wewe ukakataa.

Nilikuuliza, "Una wazimu, Kornelio?"

Ukanijibu, "Wale wenyewe hawalipwi, Mama Severini. Muungwana kwao hucheza bure. Anayelipwa ni boi, anaingia kwa mlango wa jikoni, na siku ya mchezo hatajwi jina. Nikiishika fedha yao nimekwisha."

Nilinuna mwezi mzima, na haki yangu nilikuwa nayo. Mvua ya masika haimwulizi mtu kama yeye ni muungwana au boi. Ulipanda juu mwenyewe kuziba kwa makuti ya kuazima, na kulipovuja tena ulihamisha kitanda. Mkaidi wewe. Mpaka leo nasema hivyo.

Basi ukawa unacheza bure kama wao. Lakini mchezo huo una mapumziko ya chai, na chai hunywewa chini ya turubai, kila mchezaji na kiti chake. Chako hakikuwapo. Viti vitupu vilikuwapo, vimewekewa makoti. Kikombe chako kililetwa kwenye mlango wa jikoni, ukakitazama, ukakiacha hapo.

Wiki iliyofuata ulikwenda na kiti. Ulikuwa umekitengeneza kwa mninga, cha kukunja, kizuri kuliko vyao vyote, na sisemi hivyo kwa kuwa ni mume wangu. Ukakikunjua mwisho wa safu, ndani ya kivuli, ukakaa. Mimi nikaja na birika langu na vitumbua ndani ya kitambaa.

Katibu akauliza, "Kiti hiki cha nani?"

Ukamwambia, "Cha mchezaji, bwana."

Akageuka kuwatazama wenzake, na wenzake wakatazama vikombe vyao. Hakuna aliyekuinua. Tangu siku hiyo kiti kilikwenda nawe kila mlipokwenda. Mlipocheza Kilwa, wao walitangulia kwa motokaa, wewe ukapanda lori juu ya magunia, kiti kikiwa mapajani. Lori likakwama matopeni Nangurukuru, ukakaa kwenye kiti chako barabarani, ukala mihogo, ukawasubiri wasukumaji wapumzike ili na wewe uingie zamu. Ulifika umejaa matope mpaka nyusi, ukawaangushia watu wa Kilwa vijiti vyao.

Gongo lako ulilichonga mwenyewe pia. Ulilipaka mafuta kila jioni, na mafuta yenyewe yalikuwa yangu ya nywele. Ulidhani sijui. Nilikuwa nanusa gongo linanukia kama mimi.

Watu wa hapa watakumbuka manowari iliyotia nanga Lindi baada ya vita, mabaharia wakaomba mchezo. Uliwamaliza hata maji ya chai hayajachemka. Mkubwa wao akavuka uwanja akaja ulipokaa, akakupa mkono, akasimama hapo hana pa kukaa. Ukaondoka kitini ukamwambia karibu. Baadaye niliwasikia wengine wakisema, umeona, Kornelio amejua nafasi yake. Wajinga. Ulimpisha kwa kuwa ni mgeni, na kiti ulichompisha kilikuwa chako.

Kisha kifua kikakuzidi. Tulikuzika, na mwezi haujaisha klabu ikaleta jiwe la kaburi, limechongwa vizuri, herufi nyeupe. Valeria akalisoma kwa sauti mbele ya watu: "Kornelio, mtumishi mwaminifu wa klabu." Hakuna Mbonde. Hakuna mchezo. Bi Kibibi akajifunika uso kwa kanga.

Mdogo wako Benedikto, aliyekuja kutoka Kipatimu kwa msiba, akanivuta pembeni. "Shemeji, jiwe la bure hilo. Saruji ni ghali. Na bwana wa Severini ni mmoja wao, usitutafutie balaa." Nilijua anasema kweli. Severini alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, mke wake Rosalia ana mimba, na bwana wa shamba hunywa chai chini ya turubai lile lile. Nikamtazama mwanao. Alitoka akaenda kuazima mkokoteni wa Bakary.

Tulilisukuma jiwe mpaka klabu, mimi na yeye, mchana kweupe, na mji mzima ukituona. Katibu akatoka barazani. "Mama," akasema, "hii ni heshima kwa mumeo."

Nikamwambia, "Mtumishi hulipwa. Nitajie siku moja mliyomlipa Kornelio."

Akamtazama mzee wa jikoni kana kwamba yeye ndiye atakayemjibia. Hakuwa na siku hata moja ya kuitaja, Baba Severini. Hata moja. Nilisimama pale nikayakumbuka makuti, sufuria, kitanda tulichokihamisha, na jinsi nilivyonuna, nikaona kwamba mvua yote ile iliyotunyeshea ndani ndiyo iliyonipa neno la kumwambia. Tukalishusha jiwe kwenye nyasi zao tukarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata Severini hakuwa karani tena. Benedikto alisema nilikwambieni, na kweli alituambia. Mwanao ameshika randa yako sasa. Mwanzoni milango yake ilikuwa inakwaruza sakafu, nami sikumficha, siku hizi inafunga. Rosalia amejifungua mtoto wa kiume, anaitwa Kornelio, na analia kwa sauti ya mtu asiyekubali kitu.

Juu ya kaburi lako hatuna jiwe. Tuna msalaba wa mninga aliouchonga Severini, na maneno yake ni haya: Kornelio Mbonde, Seremala na Mchezaji. Mchwa wakiula atachonga mwingine, na maneno yatakuwa hayo hayo.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili asubuhi hapa Lindi. Alasiri klabu ina mchezo na watu wa Kilwa. Hatukualikwa. Tutakwenda. Severini atabeba kiti chako, mimi nitabeba birika na vitumbua, na tutakikunjua mwisho wa safu, ndani ya kivuli, pale pale. Hatakaa mtu juu yake. Katibu akiuliza ni cha nani, mjukuu wako hajui kusema bado, kwa hiyo nitamjibu mimi.

Unakumbukwa na mkeo Apolonia, wanao Severini na Valeria, mkweo Rosalia, mjukuu wako Kornelio, na mdogo wako Benedikto, ambaye ameleta habari kutoka Kipatimu kwamba Jumapili naye atakuja, na kwamba anakuja na kiti chake.

Bwana akupe raha ya milele. Sisi tutakukumbuka siku zote, na kiti hatukiondoi.