Sufuria ya Arusi

Buyenzi, Bujumbura
Juni 1995

Kwako dada yangu Houda,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu imeacha kukuvimba. Msalimie sana shemeji na wote hapo Kigoma. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, ingawa siku hizi mlango ukigongwa moyo unanipasuka kabla sijauliza ni nani.

Nyumba imekuwa kubwa, dada. Mwanangu Shakuru alitangulia kuondoka, mwaka jana watu walipofukuzwa mtaa wa Kamenge. Sasa anaendesha lori Mwanza. Dada yake Mawazo akamfuata mumewe Uvira baada ya Idi. Kila mmoja aliniambia anakwenda kwa muda tu, nami nikajifanya kuamini. Amebaki Amissi, kitinda mimba wangu, fundi wa magari, anayenichokoza kwamba nimeanza kuongea na paka.

Unaikumbuka desturi ya mama yetu: mtoto akisafiri, fungu lake hupikwa vilevile, apewe jirani, ili msafiri arudi. Basi sikupunguza kitu. Niliendelea kusonga bugali ya nyumba nzima katika sufuria ya mama ile kubwa, yenye mkono mmoja uliovunjika. Unanijua kwa ubishi. Kupika kidogo niliona ni kuwazika watoto wangu wakiwa hai.

Ijumaa iliyopita, Amissi ametoka tu msikitini, askari wakaingia kukagua. Mkubwa wao akafunua sufuria, akatutazama mimi na Amissi, akauliza, "Mama, muko wawili tu. We unapikia nani?" Nikamjibu kwamba napikia watoto wangu waliosafiri. Akacheka, lakini si kwa furaha. Akasema chakula kingi namna hiyo kinakwenda kwa waasi walioko milimani. Kisha akamwuliza Amissi umri wake, akamgeuza mikono yenye grisi, akaikagua kidole kwa kidole. Waliondoka wakisema watarudi kuona ni nani anayekuja kula. Dada, nilijikojolea. Nakuambia wewe peke yako.

Jumatatu wakamchukua Jimmy, rafiki yake wa gereji, eti kwa maswali tu. Mama yake, Léoncie, anazunguka ofisi zote na shati safi la mwanawe mkononi, na hakuna anayemjibu. Nikamsihi Amissi aje kwako. Akasema, "Apana, mama. Mi nikienda, we utabaki na nani?" Nikamsihi tena, akasusa chakula. Mtoto huyu amerithi ubishi wangu, na sasa utamuua.

Sasa nikueleze, na usinicheke. Nimemwambia kwamba binti yako Sijaona anaolewa, na kwamba umeiomba sufuria ya mama ya kupikia pilau. Amekubali kuileta mwenyewe, kwa kuwa anaona ni safari ya siku chache. Ndiye huyo aliyekukabidhi barua hii; bahasha nitaibandika vizuri asije akaisoma. Sijaona anisamehe kwa kumpa mume asiyemjua.

Nakuomba, dada, usimruhusu arudi. Mwache ale kwanza, ndipo umwambie. Akigomba, mwache agombe. Akisema nimemdanganya, mwambie ni kweli. Ningemdanganya tena hata kesho.

Sufuria ikae kwako, na fungu la Amissi ulipike wewe. Wakirudi wale watu, watanikuta na kile kisufuria changu cha kuchemshia maziwa. Naogopa, sikufichi. Siogopi askari tu. Naogopa hata saa ya kula.

Hivi ninapoandika, Amissi yuko uani anaisugua sufuria kwa mchanga, anaitoa masizi yote, ili usiaibike mbele ya wakwe. Ameniuliza akirudi nitampikia nini. Nimemwambia maharagwe. Amenifokea kwamba kila siku ni maharagwe, nimpikie samaki. Nimemwahidi samaki.

Nisalimie wote wanaonikumbuka. Uniombee dua.

Ni mimi mdogo wako,
Asiya