Mbolea ya Mama Isiguse Kitalu

Navakholo,
10 Machi 1996

Dada yangu Jael,

"Mbolea ya Mama haiwezi kuwa na ugonjwa, maana Mama hakutupa kitu kibovu pale." Hayo ndiyo uliyoniandikia, nami nayapinga hata kabla ya kukujulia hali. U mzima lakini? Shemeji na watoto huko Lugari hawajambo? Sisi tu wazima, ila nyumba ya Mama imekuwa kimya mno tangu tumzike Desemba.

Naelewa kwa nini ulibeba yale magunia mawili ya mbolea yake. Mimi pia nikipita nyuma ya jikoni namwona ameinama, anamwaga majivu, maganda ya ndizi, mavi ya kuku. Unakumbuka alivyochomeka kijiti katikati ya lundo, akakichomoa na kutushikisha? Kikituchoma alicheka, akasema chakula cha shamba kimeiva.

Sasa unasema baada ya Pasaka utaichanganya katika kitalu cha nyanya, na akina mama ishirini wa kanisa lenu wagawane miche. Dada, joto lile lilikuwa la katikati tu. Kandoni mwa lundo ni baridi, na huko ugonjwa haufi.

Wiki jana nyanya zangu zilinyauka majani yakiwa bado ya kijani. Bwana Wekesa, afisa wetu wa kilimo, alikata shina akalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Ukashuka utepe mweupe kama maziwa, akasema huo ndio ugonjwa wa mnyauko, nao hukaa udongoni. Akaniuliza nilitumia mbolea gani. Nikamwambia ya Mama. Akauliza ni nani aliyetupa humo nyanya zilizonyauka.

Ni mimi. Julai, Mama akiwa hawezi kuinuka, aliniomba ning'oe nyanya zake zilizonyauka nizichome. Nikamhubiria kwamba kuchoma ni kupoteza rutuba, kwamba nimesoma kila kitu huoza kikawa udongo. Akanijibu kwamba ugonjwa huo haujasoma vitabu vyangu. Nilizitupa kandoni mwa lundo, nikazifunika kwa mabua, nikaingia kumwambia nimezichoma. Alinishukuru, Jael. Akafa akijua nimemtii.

Zipporah, wifi yako, anakusalimu sana.

Usiweke mbolea hiyo kitaluni, hata kiganja kimoja. Na haya wasomee akina mama wenyewe: msipokee mche wowote uliooteshwa humo, hata Jael akilia kwamba ni kumbukumbu ya mamake. Na mkitafuta wa kulaumu, nilaumuni mimi. Marehemu mwacheni.

Ndugu yako,
Lazarus Makhanu